Ukuta wa Chome na Dirisha la Hedaru: Hoja ya Ramani Mbili kwa Afya ya Wakaaji wa Upare

Wilaya ya Same, katika milima ya Pare, ina hali mbili za hewa na ramani moja ya ujenzi. Mji wa Same umekaa kati ya mita 850 na 900 juu ya usawa wa bahari, upande wa milima unaonyimwa mvua, na kwa kawaida haupati hata milimita 600 kwa mwaka. Makanya na Hedaru, ukifuata barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam, ziko chini zaidi na zina joto zaidi. Ukiacha lami na kupanda kuelekea Mbaga, Vudee au Chome, unaingia nchi nyingine: ukungu wa asubuhi, migomba, mashamba ya tangawizi upande wa Mamba, na juu kabisa kilele cha Shengena, mita 2,462, ndani ya msitu wa Chome. Mwezi Julai mtu wa Chome hutafuta blanketi la pili. Mwezi Februari mtu wa Hedaru hutamani kulala uani. Kwa mstari ulionyooka hawa wawili ni majirani.

Serikali inapowajengea, huwajengea jengo moja. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2021, chini ya Mpango wa Maendeleo kwa Ustawi wa Taifa na Mapambano dhidi ya UVIKO-19 uliogharimu shilingi trilioni 1.3, nchi nzima ilijengewa vyumba vya madarasa 15,000 ndani ya miezi michache. Ilikuwa kazi kubwa, na mtoto aliyekuwa akisomea chini ya mti hana sababu ya kuinung'unikia. Lakini michoro ilikuwa ya aina moja, iwe shule iko kando ya mashamba ya mpunga ya Ndungu au kwenye mteremko ambako walimu huingia darasani na makoti. Watu binafsi nao hawajafanya tofauti. Fundi wa Same hujenga alichokiona Moshi, na wa Moshi hujenga alichokiona Dar es Salaam.

Ninachodai katika makala haya ni kwamba katika milima ya Pare mwinuko ndio unaopaswa kuamua mchoro. Ukuta unaomfaa mtu wa Chome humtesa mtu wa Hedaru, na dirisha linalomwokoa wa Hedaru humgandisha wa Chome. "Nyumba bora" ya aina moja, kama ilivyonadiwa katika kampeni tangu enzi za vijiji vya ujamaa, kwa Upare haipo. Zipo mbili angalau, na kila moja ina ugonjwa wake wa kupigana nao.

Upare si mgeni wa wazo kwamba nyumba ni chombo cha afya. Kati ya mwaka 1954 na 1959 tambarare za Pare, pamoja na Taveta ng'ambo ya mpaka wa Kenya, zilikuwa uwanja wa mojawapo ya majaribio makubwa ya kudhibiti malaria katika Afrika Mashariki: Mpango wa Malaria wa Pare–Taveta, ulioendeshwa na taasisi ya utafiti wa malaria iliyokuwa na makao yake Amani, Usambara Mashariki. Kuanzia 1955 wapulizaji waliingia nyumba kwa nyumba, takriban kila baada ya miezi minane, wakapulizia dieldrini kuta na mapaa kwa ndani. Mbu aitwaye Anopheles funestus, ambaye hupenda kukaa ndani na kula ndani, karibu atoweke kabisa. Vimelea katika damu ya watoto vikapungua, na vifo vya watoto wachanga vikapungua pamoja navyo. Mwaka 1959 upulizaji ukakoma. Malaria ikarejea hatua kwa hatua, na funestus naye akarejea baada ya miaka kadhaa. Vifo havikupanda mara moja hadi kiwango cha zamani, jambo ambalo watafiti walilihusisha na dawa za malaria zilizokuwa zimeanza kuwafikia wanavijiji. Dieldrini yenyewe ilikuja kuingizwa katika orodha ya kwanza ya kemikali zilizolengwa na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001.

Mpango ule umeandikwa sana katika historia ya tiba. Katika historia ya ujenzi haujaandikwa ipasavyo, na hapo ndipo kuna funzo. Kwa miaka minne wataalamu waliingia katika kila nyumba ya eneo hilo na hawakugusa umbo la hata moja. Ukuta ulikuwa kwao mahali pa kupaka sumu. Mwanya kati ya ukuta na paa, ambao ndio mlango mkuu wa mbu, ulibaki wazi. Sakafu ilibaki ya vumbi. Dirisha, kama lilikuwepo, lilibaki kitundu. Kuwalaumu kungekuwa kuwaonea, maana swali walilopewa lilikuwa la dawa. Hata hivyo jengo lilijitokeza lenyewe katika matokeo. Wanakemia wa miaka ya 1950 walibaini kwamba udongo wa kitropiki, hasa mwekundu wenye chuma nyingi, hunyonya dawa za aina hiyo hadi mbu anayetua ukutani haipati. Kwa hiyo nguvu ya sumu ilitegemea udongo ambao mwenye nyumba alichimba nyuma ya kwake. Walipoondoka, walichokiacha juu ya kuta kilikwisha kwa sababu hakikuwa sehemu ya nyumba.

Njia nyingine ilikuwa inajulikana zamani. Mwaka 1900, katika bonde la Capaccio kusini mwa Italia, mtafiti Giovanni Battista Grassi aliwawekea wafanyakazi wa reli 112 na familia zao waya wa mbu kwenye milango na madirisha, akawataka wawe ndani jua linapozama. Watano tu waliugua malaria msimu ule, ilhali majirani wasio na waya waliugua karibu wote. Miaka kumi na moja baadaye reli ya Tanga ilipita chini ya milima ya Pare na kufika Moshi. Maarifa ya nyumba ya mfanyakazi wa reli yalikuwepo kabla ya reli yenyewe.

Ushahidi wa karibu zaidi uko kaskazini kidogo, kwenye mashamba ya umwagiliaji ya chini ya Moshi. Mtafiti Jasper Ijumba na wenzake walikuta kijiji cha wakulima wa mpunga kikiwa na mbu wengi kupindukia kuliko kijiji cha nyika kilicho jirani, na bado maambukizi ya malaria yalikuwa madogo zaidi kwa wakulima wa mpunga. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba mpunga ulileta fedha, na fedha ikaleta vyandarua, dawa na nyumba nzuri zaidi. Kwa mtu wa Ndungu, ambako skimu ya mpunga iliyojengwa kwa msaada wa Japani imekuwepo kwa zaidi ya miongo mitatu, matokeo hayo yana maana ya moja kwa moja: kinachopimwa si idadi ya mbu walioko bondeni, ni idadi ya wanaoingia chumbani.

Hapa mwinuko unaanza kusema. Utafiti wa Usambara Magharibi uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kutoka mita 300 hadi 1,700 kiwango cha maambukizi ya malaria hushuka zaidi ya mara elfu moja. Mwaka 2005 utafiti mwingine, uliopima kingamwili katika damu za watu wa Rombo, Pare Kusini na Usambara, ulikuta mteremko uleule: unavyopanda ndivyo alama za malaria zinavyofifia. Hizo ni tofauti kubwa mno kuwekwa chini ya mchoro mmoja. Waya wa mbu katika madirisha ya nyumba ya mita 1,800 si kosa, lakini ukilipiwa kwa fedha iliyopaswa kununua bomba la moshi, umekuwa kosa.

Niongeze jambo ambalo ramani za kitaalamu hulisahau. Mpare wa mlimani mara nyingi ana shamba la tambarare. Msimu wa mpunga au wa mahindi hushuka, akalala siku kadhaa kwenye kibanda cha shambani kilichoezekwa nyasi, kisicho na mlango, akilinda mazao dhidi ya ndege na nguruwe. Mtu huyu hana kinga aliyoijenga mwenyeji wa tambarare, na analala mahali pabaya kuliko nyumba zote za wilaya. Sijaona mchoro wa serikali, wa shirika wala wa chuo unaoshughulikia kibanda cha shambani. Huenda kingekuwa jengo la bei nafuu kuliko yote kulirekebisha: jukwaa lililoinuliwa, paa, na wavu pande zote.

Kuinua ni hoja yenye vipimo. Katika majaribio ya Gambia yaliyochapishwa mwaka 2021, kibanda kilichopandishwa mita tatu kutoka ardhini kiliingiwa na mbu wa malaria pungufu kwa asilimia 84 kuliko kilichokaa chini. Mbu huyu huruka karibu na ardhi akifuata kaboni dayoksaidi tunayoitoa tukiwa tumelala, na nyumba inayopitisha hewa vizuri huitawanya gesi hiyo kabla haijamfikia. Tanzania ina jaribio lake pia. Huko Magoda, mkoani Tanga, wasanifu wa Denmark na watafiti walijenga nyumba sita za mfano, baadhi zikiwa za ghorofa moja juu, zenye kuta nyepesi zinazopenyeza hewa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba nyumba za ghorofa ziliingiwa na mbu pungufu kwa asilimia 96 kuliko nyumba za kawaida za kijiji, na zilikuwa na ubaridi zaidi kwa nyuzi 2.3. Wazo hilo likapelekwa Mtwara, ambako nyumba 110 za aina hiyo zilijengwa kwa ajili ya utafiti mkubwa zaidi.

Nyuzi mbili za joto zinaweza kuonekana kitu kidogo kwa anayesoma takwimu ofisini. Kwa anayelala chini ya bati lisilo na dari, nyuzi mbili ndizo zinazoamua kama chandarua kitashushwa au kitafungwa fundo na kuachwa kining'inie. Joto na malaria kwenye tambarare ni adui mmoja mwenye sura mbili, kwa sababu dawa ya kwanza ya joto ambayo kila mtu anaijua ni kufungua, na dawa ya kwanza ya mbu ni kufunga. Msanifu anayetatua moja peke yake ameharibu jingine.

Basi tuangalie kinachojengwa sasa Same mjini. Mtindo unaopendwa ni nyumba ya kuficha bati: ukuta hupandishwa juu ya paa pande zote, bati likalazwa ndani kwa mteremko mdogo, na nyumba ikatazamwa kutoka barabarani kama sanduku safi. Paa la aina hiyo halina upenu. Kwa hiyo ukuta mzima hupigwa na jua kuanzia asubuhi, na mvua ikija hupigwa na mvua. Madirisha ni ya aluminiamu ya kuteleza, ambayo kwa umbo lake hufunguka nusu tu. Nusu nyingine ni kioo kilichokaa mbele ya kioo. Nyumba za zamani za watumishi, zenye vioo vya luva vinavyofunguka eneo lote na veranda iliyozunguka, zinaitwa za kizamani na zinabomolewa. Sina ugomvi na uzuri wa sanduku. Ila kwa mji ulioko nyuzi nne kusini mwa ikweta, ambako jua la mchana hupita karibu na utosi na jua la saa kumi hupiga ukuta wa magharibi kwa ubapa, sanduku lisilo na upenu ni uamuzi wa kiafya uliofanywa na mtu aliyedhani anafanya uamuzi wa mapambo.

Suala la ukuta linahitaji kukaliwa kidogo, kwa sababu ndilo kiini cha hoja ya ramani mbili. Tofali za kuchoma na bloku za saruji hunywa joto polepole na kulitoa polepole. Jua linalopiga ukuta wa magharibi alasiri hufika upande wa ndani baada ya saa kadhaa, yaani wakati familia imekwisha kula na inapanda kitandani. Ofisi ya Same inafaidika na ukuta mzito, maana mchana ndani huwa baridi kuliko nje na usiku hakuna mtu. Chumba cha kulala cha Same kinaumizwa na ukuta huohuo. Sasa uhamishe ukuta huo hadi Chome. Jua la alasiri likipatikana, ukuta hulihifadhi na kulirudisha usiku wakati nje kunakaribia nyuzi kumi. Kitu kilekile, unene uleule, fundi yuleyule. Chini ni adha, juu ni jiko lisilohitaji kuni. Ndiyo maana nasema mchoro mmoja hauwezi kuwa sahihi mahali pote pawili, hata uwe umechorwa kwa ustadi gani.

Kwa tambarare, basi, gebo zitazame mashariki na magharibi na zisiwe na madirisha makubwa. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini chini ya upenu wa mita moja au zaidi. Vyumba vya kulala viwe na kuta nyepesi au angalau zilizotiwa kivuli. Madirisha yawe pande mbili za chumba ili hewa ipite. Yote yawekwe waya. Na mwanya wa juu ya ukuta uzibwe kwa wavu, usizibwe kwa udongo. Dari ni lazima. Inashangaza kwamba jasi huchimbwa Makanya, hapo hapo wilayani, na huondoka kwenda viwanda vya saruji, ilhali dari ya jipsam inayouzwa mjini bado ni anasa kwa mwalimu anayeishi karibu na machimbo.

Mlimani adui ni moshi, baridi na unyevu. Kwa vizazi nyumba za milima ya kaskazini mashariki zilikuwa na moto ndani. Moto ule ulipika, ukapasha joto, ukaweka mahindi yaliyoanikwa darini mbali na wadudu. Kaya nyingi nchini bado hupika kwa kuni au mkaa, na mwaka 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unaolenga kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo 2034. Naunga mkono lengo hilo bila kigugumizi. Moshi wa kuni katika chumba kilichofungwa ni sumu kwa mapafu ya mtoto na ya mama anayempikia. Lakini mkakati huo unamtazama mwanamke anayepika. Haumtazami bibi anayeota moto. Mtungi wa gesi ukiletwa Vudee utachukua kazi moja ya mafiga na kuziacha mbili. Usiku wa Julai kuni zitawashwa tena, pengine katika chumba ambacho sasa hakina hata tundu la moshi kwa kuwa mwenye nyumba aliambiwa ameachana na moshi.

Kwa hiyo nishati safi ya mlimani ni suala la ujenzi kabla ya kuwa suala la mitungi. Nyumba ikiwa na joto la kutosha, moto hauna kazi ya pili. Joto hilo linapatikana kwa dari iliyojazwa kitu kinachozuia joto kutoroka, ukuta mzito unaotazama jua la alasiri, dirisha la kioo upande huohuo, mlango wenye kizingiti kinachobana, na kuzibwa kwa mwanya wa juu ya ukuta. Hapo tahadhari ni moja na ni kubwa: mwanya usizibwe kabla bomba la moshi halijawekwa jikoni. Mpangilio huo ukigeuzwa, nyumba iliyokusudiwa kumlinda mtu dhidi ya baridi itamziba pumzi.

Unyevu nao hupanda kutoka chini. Msingi mfupi, udongo uliolundikwa hadi dirishani upande wa mteremko na paa lisilo na mfereji hufanya ukuta wa ndani uote ukungu mweusi nyuma ya kabati. Mtaro wa mawe upande wa juu wa nyumba na tabaka la kuzuia unyevu juu ya msingi vingemaliza sehemu kubwa ya tatizo hilo. Na kabla ya mtaro kuna swali la kiwanja. Novemba 2009, baada ya mvua nzito, maporomoko ya ardhi katika kitongoji cha Goha, upande wa Mamba, yaliua watu zaidi ya ishirini. Familia nzima zilifukiwa. Mteremko uliokatwa wima ili kupata uwanja wa nyumba, juu yake shamba lisilo na miti, ni hatari ambayo hakuna dirisha wala dari inayoirekebisha.

Sakafu nitaipitia haraka, maana hapo hakuna ubishi. Nchini Mexico, katika jimbo la Coahuila, mpango wa kuweka saruji juu ya sakafu za udongo ulipunguza minyoo na vimelea vingine kwa watoto kwa asilimia 78, kwa mujibu wa utafiti wa mwaka 2009. Kwetu kuna sababu ya ziada: papasi, wanaosambaza homa ya kujirudia, huishi katika nyufa za sakafu na kuta za udongo. Saruji ikiwa ghali, Rwanda wanapiga sakafu ya udongo ulioshindiliwa na kufungwa kwa mafuta yanayokauka. Inaoshwa na haitoi vumbi.

Maji pia ni sehemu ya jengo. Mradi wa Same–Mwanga–Korogwe, unaovuta maji kutoka Nyumba ya Mungu, ulizinduliwa Machi 2025 baada ya kusubiriwa kwa muda mrefu. Bomba likifika, mapipa ya kuhifadhia maji hayatoweki siku ileile, na pipa lisilo na kifuniko ni kitalu cha mbu wa dengi. Paa linalovuna mvua na tangi lenye wavu vilistahili kuwa katika kila mchoro wa umma wa Same. Msanifu Beda Amuli alifanya hivyo katikati ya Dar es Salaam: Soko la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, lilipewa paa la miavuli ya zege linalokusanya mvua na kuacha hewa ipite juu ya wauzaji. Miaka hamsini baadaye shule nyingi za nyika zinaacha maji ya paa yachimbe msingi.

Nikija kwenye zahanati na vituo vya afya, jambo zito ni hewa. Kibong'oto, wilayani Siha, ilianzishwa mwaka 1926 kama hospitali ya kifua kikuu, kabla ya dawa yoyote ya kuua vijidudu vya ugonjwa huo kupatikana. Wakati ule hewa na jua ndivyo vilivyokuwa tiba. Dawa zilipokuja, wasanifu duniani kote walijiona wameruhusiwa kusahau. Mwaka 2007 watafiti waliopima hospitali za Lima, Peru, walikuta kwamba wodi za zamani, zenye dari ndefu na madirisha makubwa, zilibadilisha hewa mara 40 kwa saa madirisha yakiwa wazi, ilhali wodi mpya zisizo na mashine zilibadilisha mara 17. Mchoro wa zahanati tunaoujua, wenye korido ya ndani yenye vyumba pande mbili na benchi la wagonjwa katikati, huwaweka wanaokohoa na wajawazito katika hewa moja. Rwanda walikataa umbo hilo. Hospitali ya Butaro, wilayani Burera, iliyofunguliwa mwaka 2011 katika milima isiyotofautiana sana na ya Pare, imetoa korido nje, imepandisha dari, na imepanga vitanda vichwa vikiwa katikati ya wodi ili mgonjwa atazame dirisha. Kuta ni za mawe ya volkano ya pale pale, yaliyochongwa na mafundi wa pale pale. Na mawe si kitu kinachokosekana Upare.

Kumpa mgonjwa dirisha la kutazama si urembo. Mtafiti Roger Ulrich alionyesha mwaka 1984, kwa kumbukumbu za hospitali moja ya Pennsylvania, kwamba waliopasuliwa na kulazwa mkabala na miti walitoka mapema na kuomba dawa kali za maumivu mara chache kuliko wenzao waliotazama ukuta wa matofali. Same ina milima mlangoni, bila malipo, na wodi za mchoro wa kawaida huwa na madirisha yaliyowekwa juu ya kimo cha macho ya aliyelala. Aidha, mgonjwa wa kwetu halazwi peke yake. Ana dada aliyekuja na sufuria, ana mama mkwe, ana mtoto mchanga mwingine. Michoro haiwajui. Wanapika chini ya ukuta na kulala kwenye veranda, nao ndio wanaomlisha, kumgeuza na kumwogesha mgonjwa. Jengo linalodai kujali ustawi lianze na jiko la ndugu, choo chao na mahali pakavu pa kulala. Nyumbani, kibaraza kinafanya kazi inayofanana na hiyo: ndipo mzee anapopunga upepo, mgeni anapopokewa bila kuingia ndani, na msiba unapoanza kukaliwa. Nyumba ya kuficha bati mara nyingi imekiondoa.

Wapo watakaosema kwamba chandarua na dawa vinafanya kazi hii kwa bei ndogo zaidi, na kwamba ushahidi wa nyumba haujatulia. Wana sehemu ya ukweli. Nchini Gambia, utafiti wa mwaka 2009 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa nyumba zisizo na waya wakiwa na upungufu wa damu, dhidi ya 19 katika nyumba zenye waya kamili. Lakini utafiti mkubwa wa mwaka 2021, katika vijiji 91 vya nchi hiyohiyo ambako watoto walikuwa na vyandarua vyenye dawa, haukuona kinga ya ziada kutokana na nyumba zilizoboreshwa. Ninavyousoma, utafiti huo wa pili unatuzuia kuahidi kwamba nyumba itachukua nafasi ya chandarua. Hautuambii kwamba moshi, joto, minyoo na hewa ya wodi vinatibika kwa chandarua.

Gharama ni pingamizi lililo wazi zaidi, na jibu lake halifanani kwa kila kipengele. Kugeuza gebo lielekee mashariki hakuongezi hata tofali moja. Kuhamisha korido nje kunapunguza ukuta. Upenu, dari na waya vinaongeza gharama, na ghorofa kama za Magoda zinaongeza zaidi. Kwa sasa nisingezishauri kwa kaya ya kawaida ya kijiji cha tambarare kama Kihurio, ila ningezishauri kwa nyumba za watumishi ambazo serikali inajenga kwa vyovyote vile.

Ombi langu kwa TAMISEMI, kwa Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi na kwa Chuo Kikuu Ardhi ni kwamba michoro ya zahanati, madarasa na nyumba za watumishi kwa wilaya za Same na Mwanga itolewe kwa jozi, mmoja wa chini ya mita 1,200 na mwingine wa juu yake, mstari huo ukirekebishwa vipimo vitakapopatikana. Halmashauri haihitaji kusubiri. Majengo mawili yajayo, moja la tambarare na jingine la mlimani, yajengwe kwa michoro tofauti, yawekwe vipimajoto ndani kwa mwaka mzima, na matokeo yabandikwe kwenye mbao za matangazo za kata, ambako mafundi watayasoma.